Bolti za Kumi na Tisa

Iguguno,
3 Septemba 2023

Dina mwanangu,

Salamu zikukute mzima huko Morogoro pamoja na mashine zenu za sukari. Sisi hapa tupo, tunakula na tunalala. Mguu wa mama yako mkubwa Agripina bado unavimba akitoka shambani, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha. Alizeti bei imeanguka, watu wameirundika ndani wanalala nayo.

Utasema kwa nini Baba Mkubwa hatumii simu kama watu. Simu ipo, imelala kabatini. Masikio haya yamekula kelele za mashine ya kukereza vyuma miaka arobaini na mbili, nikipigiwa nasikia nyuki. Na meseji lazima nimpe mtu anisomee zile herufi ndogo, halafu kijiji kizima kinajua. Kwa hiyo naandika kwa mkono wangu, darasa la nne la zamani, ambalo ni sawa na fomu foo yenu. Barua nampa konda wa basi, uifuate ofisini kwao stendi.

Kaburi la mama yako nimelijengea. Msalaba nimeuchomelea mwenyewe kwa bomba la inchi mbili, na Iguguno nzima hakuna msalaba ulionyooka kama ule. Jina lake, Esta, nimeliandika kwa weldingi, mtu analisoma akiwa barabarani.

Watu bado wananiuliza habari za siku ile ya Juni, puli, lile gurudumu la mkanda, ilivyochomoka kwenye mashine yetu ya kukamua alizeti ikamkuta shemeji yangu Esta amekalia gunia lake anasubiri zamu. Nawajibu yaleyale niliyosema pale kaburini mbele ya wote, kwamba Calist hakukaza bolti za puli. Kukaza ilikuwa kazi yake. Ni mwanangu wa kumzaa, lakini nilimwambia aondoke na akaondoka. Wanasema yuko Sepuka anafyatua matofali. Sijamtafuta.

Sasa lililonifanya nishike kalamu ni dogo. Kuna mtu hapa ana tela la trekta. Bolti zake za zamani zilikuwa za spana kumi na tisa. Zikachoka, akanunua mpya Singida mjini, nazo za spana kumi na tisa. Zinaingia vizuri, tena kwa vidole tu, halafu zinakaza, halafu baadaye zinaachia. Mimi sababu ninaijua. Nataka kuona kama chuo chako cha ufundi kilikufundisha kitu au ulikwenda kula wali.

Jibu upesi, mwenye tela ananisumbua.

Ni mimi Baba yako Mkubwa,
Fundi Melkiori Msengi


Morogoro,
1 Oktoba 2023

Baba Mkubwa, shikamoo. Na Mama Mkubwa shikamoo, mwambie nimemtafutia dawa ya kuchua mguu, nitaituma nikimpata mtu anayekuja huko.

Barua yako ilikaa ofisi ya basi wiki mbili na zaidi. Dada wa mizigo aliiweka chini ya boksi la vifaranga, ndiyo maana ilifika na harufu.

Asante kwa kaburi. Nimeisoma sehemu ile ya jina mara nyingi. Mpaka sasa nikipata mshahara naanza kupiga hesabu ya kitenge cha mama, halafu nakumbuka.

Umemtaja Calist. Siku ya mazishi alininyooshea mkono anipe pole, nikauacha hewani watu wakiona. Nikamwambia, "Mkono huo ndio uliomuua mama." Sijutii. Mama alimlea kama alivyonilea mimi, na yeye kukaza bolti nne tu kukamshinda.

Tuje kwenye tela. Baba Mkubwa, spana haipimi bolti, inapima kichwa chake tu. Ni kama kumtambua mtu kwa kofia. Siku hizi karibu bolti zote za madukani ni za milimita. Hiyo tunayoita ya kumi na tisa, mwili wake una unene wa milimita kumi na mbili. Lakini mashine za zamani za Wamarekani zilifungwa kwa bolti za nusu inchi, na kichwa cha nusu inchi nacho kinakubali spana hiyohiyo. Mwili wake ni mnene zaidi kidogo, na meno yake yameachana zaidi.

Ukitia ya milimita kwenye tundu la nusu inchi itaingia bila shida kwa sababu ni nyembamba. Baada ya mizunguko michache meno yanaanza kupandiana, na mkono unahisi imekaza. Haijakaza. Imeshikwa na ncha za meno basi. Mtikisiko ukija, ncha zinakatika, inachomoka.

Pima hivi. Chukua rula ya shule, weka sifuri kwenye ncha ya jino moja, hesabu nafasi kumi. Ya milimita itakupa milimita kumi na saba na nusu. Ya nusu inchi itakupa kumi na tisa na nusu. Kama huna rula, laza bolti mbili jino kwa jino, uzitazame kwenye mwanga. Zikiwa ndugu zinakumbatiana, mwanga haupiti.

Mwambie mwenye tela asilitembeze mpaka abadilishe. Litaua mtu.

Mwanao,
Dina


Iguguno,
22 Oktoba 2023

Dina,

Wazima tupo. Mama yako mkubwa anauliza hiyo dawa ya kuchua itapita njia gani, maana anaingojea kama mshahara. Joto ni kali, mvua inatutania tu, inaonyesha mawingu upande wa Kiomboi halafu inaondoka.

Barua yako nimeisoma na nimecheka. Eti spana haipimi bolti! Ingia duka lolote Singida useme nipe ya kumi na tisa, utapewa ya kumi na tisa. Hakuna muuzaji atakayekuuliza unene wa mwili kama vile unanunua ng'ombe. Mimi nimefunga mashine kuanzia Nduguti mpaka Shelui kabla mama yako hajaolewa. Ile mashine yetu ya alizeti Wamarekani wa misheni walinikabidhi mimi walipoondoka, hawakumpa mwalimu wala mchungaji. Sasa unanifundisha meno.

Hata hivyo nimepima. Siyo kwa sababu umesema, nilikuwa nimekaa tu. Rula nimeazima kwa Mwalimu Dorkas. Ya zamani, nafasi kumi, kumi na tisa na nusu. Mpya, kumi na saba na nusu. Nikarudia mara sita, na mara ya mwisho nikavaa miwani ya mama yako mkubwa. Nikazilaza jino kwa jino pale mlangoni kwenye jua.

Mwanga ulipita.

Lakini pengine rula ya shule ni mbovu. Nakutumia bolti zenyewe kwenye kitambaa, ya zamani moja na mpya moja, uzipime kwa vyombo vya kiwandani.

Kuna swali jingine la huyohuyo mwenye tela. Kama kijana wake ndiye aliyekaza, akakaza kwa nguvu zake zote, angeweza kujua kwamba haijakaza? Na kama aliona kitu akamwambia mkubwa wake kwamba hizi zinacheza, mkubwa akasema wewe kaza tu, katika sheria za ufundi mwenye kosa ni nani? Nauliza tu, maana watu wanabishana hapa.

Fundi Melkiori Msengi


Morogoro,
12 Novemba 2023

Baba Mkubwa, shikamoo.

Bolti zimefika. Ya zamani ni ya nusu inchi. Mpya ni ya milimita kumi na mbili, na meno yake yamenyolewa upande mmoja. Rula ya Mwalimu Dorkas ni nzima.

Ile mpya niliiosha kwa mafuta ya taa kabla ya kuipima. Katikati ya meno kulikuwa na kitu kimegandamana. Nikakichokoa kwa sindano, nikakiweka kiganjani, nikakinusa. Ni mashudu ya alizeti. Nimekua na harufu hiyo kwenye nguo za mama. Tela la trekta haliwezi kuwa na mashudu ndani ya bolti.

Nilikaa kwenye benchi la karakana mpaka msimamizi wetu, mama Belinda, akaniuliza nimeumia wapi. Nikamwambia nimejikata kidole.

Naomba unijibu mambo mawili tu, na tafadhali usinipe habari za mbuzi. Bolti hizi umezifungua kwenye mashine gani? Na yule kijana, kabla hajakaza, alisema nini?

Dina


Iguguno,
17 Desemba 2023

Dina,

Mbuzi siwezi kuacha kuwataja, kwa sababu mmoja wa wale mapacha amekufa. Mvua imeshuka, tumepanda mahindi na alizeti kidogo. Paa la karakana linavuja juu ya mashine ya kukereza, nimelitia lami. Mama yako mkubwa anasema amekuota.

Mtoto wa kike haniulizi mimi kama polisi. Kabla hujazaliwa, mimi ndiye niliyemshikisha baba yako Ezekieli tupa ya kusugulia chuma mkononi, marehemu mdogo wangu, na mpaka anakufa aliniita kaka, hakuwahi kuniuliza kwa nini. Miaka thelathini naifunga mashine ile na haikuwahi kumkwaruza hata kuku.

Mashudu yapo kila mahali Iguguno. Yapo kwenye nywele, yapo kwenye Biblia.

Tela limeshatengemaa. Tusiliongelee tena. Krismasi njema.

Baba yako Mkubwa


Morogoro,
14 Januari 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Hii ni barua yangu ya mwisho mpaka utakaponijibu.

Nimekaa na zile bolti juu ya meza miezi miwili. Mwanzoni nilikuwa na hasira na wewe kiasi kwamba nilimwambia mama Belinda sina ukoo. Baadaye nikaona kitu kingine. Kosa la bolti hata mimi ningeweza kulifanya. Katika karakana yetu lilishafanyika, mtu aliye na cheti ukutani alitia ya milimita kwenye tundu la inchi, tukaishia kumwaga shira, maji mazito ya sukari, sakafu nzima. Nchi hii tunaita bolti kwa spana, na ya kumi na tisa ni ya kumi na tisa. Hilo la kutokujua nimeshakuachia, hata kama hukuliomba.

Ninaloshindwa kuliachia ni la pale kaburini. Ulisimama juu ya udongo wa mama ukamnyooshea kidole mwanao, na mimi nikakuamini, nikamwambia Calist neno ambalo sasa haliniondoki. Nakula nalo.

Nilinunua tiketi ya kwenda Singida nikamwombe msamaha, halafu nikairudisha. Nikienda mimi kwanza, atakuwa ameusikia ukweli kutoka kwangu, na wewe utakaa nyumbani ukisema mambo yamekwisha. Hayajaisha. Anayetakiwa Sepuka kwanza ni wewe. Nitakuja nyuma yako.

Na ile mashine, kama mtu yeyote anaitumia na bolti zilezile, izime leo.

Dawa ya Mama Mkubwa nimempa konda, mzigo mmoja na barua hii.

Dina


Iguguno,
3 Machi 2024

Dina mwanangu,

Dawa ilifika. Mama yako mkubwa anajipaka asubuhi na jioni, nyumba nzima inanuka karafuu. Mahindi yamefika magotini. Barua hii nimeianza Jumatatu, leo ni Jumapili, karatasi nne nimezichana.

Nilikwenda Sepuka. Sikumuaga mtu, nilimwambia tu Agripina nakwenda kununua fimbo za weldingi. Akasema, "Nunua na kilo ya sukari umpelekee." Hakuuliza nimpelekee nani.

Nilimkuta bondeni, miguu ndani ya udongo, amekonda, shingo imekuwa ya kuku wa kuchinjwa. Aliponiona alinawa mikono kwanza. Akaja, akainama, akasema shikamoo Baba. Mimi nilikuwa nimepanga maneno tangu stendi ya Singida, lakini nikaitika tu marahaba. Nikatoa bolti mbili mfukoni, nikamwonyesha jino kwa jino.

Akazitazama kwenye jua, akanirudishia. Akaja karibu na sikio langu la kushoto, maana analijua ndilo linalosikia, akasema:

"Nilikwambia zinacheza, Baba."

"Uliniambia."

"Nikakwambia moja inazunguka haishiki."

"Uliniambia."

"Ukasema nini?"

Dina, mtu akiwa na miaka sabini na tatu hategemei kuulizwa hivyo na mtoto wake mbele ya wafyatua matofali. Nikasema umesahau? Akasema hakusahau, anataka kusikia kwangu. Nikasema. Nilimwambia siku ile kwamba mkono wake ni laini kama wa bibi harusi, kwamba nilikaza bolti za mashine ile akiwa bado hajajua kujifuta pua, na kwamba watu wamepanga foleni na magunia yao, aache kunitia aibu. Na shemeji Esta alikuwepo pale, amekalia gunia. Alicheka. Akasema, "Shemeji mwache kijana wa watu, asije akatukimbia." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo mimi niliyasikia. Sikukwambia wakati wote huu.

Calist akawasha mota kwa sababu nilimwambia awashe.

Nikamwuliza, sasa kwa nini pale kaburini hukusema? Ulikuwa na mdomo. Akasema, "Ningesema nini, Baba? Mama Mdogo alikuwa hata hajafukiwa. Ningebishana na wewe juu yake?"

Nikamwambia twende nyumbani. Akakataa. Siyo kwa hasira, alisema, ila mkanda wa mashine yoyote ukizunguka anasikia Mama Mdogo anamwita. Matofali hayana sauti. Sukari alipokea. Akaniambia, "Rudi Iguguno ukaseme palepale uliposema mwanzo, kwa watu walewale. Mimi huku sina shida na watu wa Sepuka, hawanijui."

Palepale maana yake kaburini, na watu walewale huwezi kuwakusanya kaburini bila mazishi. Nikaenda kwa mwinjilisti Simeoni nikaomba nafasi baada ya matangazo, Jumapili iliyopita. Akadhani nataka kuomba mabati. Ibada ilipoisha nikawaomba, tukatoka wote mpaka kaburini, watoto wakikimbia mbele. Nimezoea kusema mbele ya watu, unanijua, harusi gani Iguguno sijasema. Siku hiyo nilisema machache. Nikasema bolti nilinunua mimi, nikazitia mimi, Calist aliniambia hazifai, nikamtukana, akakaza kwa amri yangu. Nikasema mtoto hana kosa na nilimsingizia juu ya udongo huu.

Hakuna aliyenitukana. Nilitaka wanitukane. Mzee Benjamin, ambaye tangu enzi za misheni hatujakubaliana hata juu ya bei ya msumari, alinishika mkono akasema, "Basi, Melkiori, keti." Hapakuwa na kiti. Nikakaa chini. Wanawake wakaanza kumlilia Esta upya kana kwamba amekufa asubuhi hiyo, na mama yako mkubwa akaondoka peke yake bila kunisubiri. Mpaka leo ananipa chakula, anaweka sahani na kuondoka. Hasemi. Mtu ambaye nilikuwa namcheka kwa mdomo wake.

Mashine haijawaka tangu siku ile ya Juni. Nilizifungua bolti zote nne mwezi wa nane. Unaona, nilizifungua mwezi wa nane, nikakuandikia wa tisa. Nilizilaza jino kwa jino na za zamani pale mlangoni kabla hujanifundisha. Mwanga niliuona. Sikujua unaitwaje, nikatafuta mtu wa kuniambia kwamba ni kitu kingine. Nikakutafuta wewe. Katika watu wote nikakutafuta wewe, mwanawe, nikakufanya unipimie.

Kaburini nimesema, Sepuka nimesema. Kabla sijaondoka Sepuka, Calist aliuliza, "Na Dina umemwambia?" Nikasema Dina anajua, ni fundi, amejipimia mwenyewe. Akasema kujua siyo kuambiwa, na akarudi kwenye udongo wake.

Kwa hiyo nakuambia. Ni kwa ajili hiyo nimechana karatasi nne, kila nikifika hapa naanza kuandika habari za mvua.

Mimi Melkiori ndiye niliyemuua mama yako. Siyo Calist. Ni mimi, kwa mikono yangu na kwa mdomo wangu.

Nimeiandika mwenyewe na nimeisoma kwa sauti, peke yangu karakanani. Sauti yangu nimeisikia vizuri kabisa, masikio hayakukataa.

Calist yuko bondeni kwenye matofali, ukishuka stendi ya Sepuka uliza kwa wafyatua matofali. Anakungoja, ingawa hakusema.